Mikono ya Saa Nane

Fundi alikuwa akitia kola ya kumi na moja kwenye sare za shule wakati mlango ulipobishwa mara tatu. Ilikuwa saa nane kamili mchana. Cherehani yake ilikaa sebuleni, imeelekezwa kwa makusudi upande wa chumba cha nyuma, ili akiinua macho tu aione miguu ya mama yake kitandani. Kila baada ya saa mbili mama aligeuzwa, usiku na mchana, kwa sababu ngozi ya mtu asiyeweza kujisogeza huanza kuoza upande alioulalia. Hilo Fundi hakusimuliwa, alilisafisha kwa mikono yake.

"Nani?" aliuliza, mguu bado uko juu ya kanyagio.

Hakujibiwa. Akafungua mlango upana wa kiganja, akatazama pale ambapo uso wa mtu hukaa, akaona ukuta wa jirani. Alipoteremsha macho ndipo alipoona mikono miwili, wa kulia na wa kushoto, imesimama kizingitini kwa ncha za vidole. Iliishia kwenye vifundo. Pale ilipoishia palikuwa pamefungwa vizuri, kama shati lililopigwa pindo na fundi anayejiheshimu, na pindo hilo ndilo lililomfanya asiifungie mlango papo hapo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema, na waliosema hivyo bila shaka hawakuwahi kuuguza. Mama alipopata kiharusi mwaka juzi, mtu wa kwanza kuja kusaidia aliondoka na pasi. Wa pili alikuja na maombi, akaondoka na shuka mbili. Wa tatu alikuwa binamu. Alikaa siku nne akitazama televisheni, kisha akaenda kuutangazia ukoo mzima kwamba hakupewa hata nauli. Tangu hapo Fundi aliamua kwamba msaada ni kama nguo ya mtumba, huvai mpaka uigeuze nje ndani.

"Karibuni," alisema, lakini mguu wake aliuacha nyuma ya mlango.

Mikono ikapenya, ikatembea kwa vidole hadi chumba cha nyuma, ikapanda kitandani kwa kushika shuka. Fundi akaifuata na mkasi. Ilianza kwa kunawa. Iliingia kwenye beseni ikajisugua kwa sabuni hadi kwenye pindo, ikajikausha kwa taulo. Kisha mmoja ukapita chini ya bega la mama, mwingine chini ya nyonga, ikamgeuza taratibu bila kumburuta.

"Haya," alisema mama.

Hilo ndilo neno pekee alilobakiwa nalo. Maneno mengine yote yalikwenda na upande wake wa kulia. Haya ya njaa ilikuwa fupi. Haya ya maumivu iliburuta mkia. Haya ya kukataa aliisema amefumba macho, na mtu asiyekaa naye angedhani amekubali. Fundi alizijua zote, lakini hii ya leo hakuwahi kuisikia. Ilikuwa nyepesi, na ndani yake mlikuwa na kicheko kidogo.

Saa kumi mikono ilikamua kitambaa, ikakianika, ikabisha mlango mara tatu kutokea ndani ili ifunguliwe, ikaenda zake.

Kesho yake saa nane ikarudi. Na keshokutwa.

Fundi hakulala vizuri wiki hiyo, na safari hii si kwa ajili ya mgonjwa. Alijiuliza mikono inataka nini. Kitu cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe siku moja atakuja kukidai. Katika kabati la mama mlikuwa na droo, na katika droo hati ya nyumba, na juu ya kitanda hatua tatu kutoka hapo palikuwa na dole gumba la mama, halina nguvu ya kukataa karatasi yoyote litakayoshindiliwa. Mkono hauhitaji mdomo ili ukuibie. Kwa hiyo alikichukua kidau cha wino kilichokuwa juu ya kabati akakifukia kwenye kopo la chumvi. Kisha akasugua chaki yake ya buluu kwenye kishikio cha droo, ile chaki kaidi ambayo hata ukinawa mara mbili inabaki kwenye mistari ya vidole.

Kila saa kumi alikwenda kukagua. Chaki ilikuwa kama alivyoiacha. Akaikagua mikono yenyewe pale mlangoni, kiganja na nyuma ya kiganja, kama polisi wa mpakani. Ilikuwa safi, inanukia sabuni. Hata hivyo hakuiamini.

"Mwizi mwenye subira ndiye mwizi," alijiambia.

Lakini sare za shule zilikuwa zinakamilika kwa wakati. Siku ya tano alisinzia juu ya mashine kwa dakika ishirini mchana kweupe, akaamka na hasira kwa sababu alijisikia vizuri.

Jumanne ya wiki ya nne alimwomba jirani amkalie mama saa moja tu, akaenda kituo cha afya, ambako wanaouguza nyumbani hukaa kwenye benchi nje ya chumba cha sindano na nesi huwapa mwongozo. Mwongozo wenyewe ulikuwa kijitabu. Jaladani palichorwa mgonjwa amezungukwa na ndugu sita wanaotabasamu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: Usibebe mzigo peke yako. Hayo maneno Fundi aliyasoma kila Jumanne, na kila Jumanne aliyaona kama maelekezo ya kuvuka mto yaliyoandikwa na mtu aliye ng'ambo.

Siku hiyo aliinua mkono akaeleza habari za mikono. Hakuna aliyeshtuka.

"Wewe una bahati," alisema dereva mstaafu aliyekuwa akimuuguza mkewe. "Mimi hujiwa na sikio. La shemeji yangu. Linakaa juu ya redio, linasikiliza shida zangu zote, likishiba linaondoka."

"Kwangu ilikuja miguu," alisema muuza mkaa. "Ikafika mlangoni, ikageuka."

Nesi hakupoteza muda. "Ikate kucha, dada. Mikono ikitoka safari huwa na kucha ndefu, itamchubua mgonjwa. Na uielekeze iweke mto katikati ya magoti, mama asigusanishe mifupa." Kisha akavuta fomu. "Ndugu wanaosaidia nyumbani, wangapi?"

"Hakuna."

"Na hiyo mikono?"

"Hiyo ni mikono tu. Siijui ni ya nani."

"Mikono haiokotwi barabarani, dada. Ni ya ndugu." Nesi akaandika moja. "Sasa hapa itabidi nikutoe kwenye orodha ya mhudumu wa kutembelea majumbani. Yule ni kwa wasio na mtu kabisa."

"Mwaka mzima nimeisubiri hiyo zamu."

"Najua, na naumia kwa kweli. Ila fomu haina nafasi ya vipande. Ama mtu yupo, ama hayupo."

Fundi alirudi nyumbani akiwa na kikata kucha. Saa nane mikono ilipofika, aliikalisha kwenye mto wa sindano wa kazini kwake, akaanza na wa kulia. Ndipo alipoona kovu. Lilikuwa kwenye dole gumba, lina ncha kama ncha ya pasi ya mkaa. Kaka yake mkubwa alipokuwa na miaka tisa alitaka kumshangaza mama kwa kumpigia pasi gauni la Jumapili, na pasi ikamteleza. Mama alikaa mchana kutwa amelishika dole lile ndani ya maji, akimpulizia na kumwimbia, na gauni likaungua bila mtu kulijali.

Fundi aliinuka akauchukua mkono hadi kitandani. Mama akaupokea kwa mkono wake mzima, akapitisha kidole juu ya kovu, akafika nacho mwisho, akarudi mwanzo. "Haya," alisema, ile nyepesi yenye kicheko. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza.

Fundi aliona wivu. Miaka miwili ya kufua na kugeuza na kulisha kwa kijiko, na haya ile hakuwahi kupewa yeye. Aliona wivu kisha akaona aibu, kisha akaenda sebuleni kumpigia kaka yake simu. Hakupata mtu mpaka saa kumi na robo.

"Shikamoo, kaka. Mikono yako iko wapi kila saa nane?"

Kaka alikuwa mkubwa wa ofisi katika mji wa mbali, na kazi yake ilikuwa kusaini.

"Nani kakwambia?" alisema. "Mwezi sasa. Ikifika saa nane haipo. Nakaa kwenye vikao nimeficha mikono mitupu ya koti chini ya meza. Madaktari watatu wameniona, hawana jibu. Saa kumi inarudi, inanukia sabuni ya kufulia! Mimi!"

"Huja huku kumgeuza mama. Siyo wewe uliyeituma?"

"Niitume? Nitasaini na nini?" Sauti ikashuka. "Kwa hiyo ni wewe unayeivuta. Umeenda kwa nani?"

"Sijaenda popote. Tangu lini nina nafasi ya kwenda popote?"

Jioni ile kaka alieleza msiba wake kwenye kundi la familia simuni, kundi linaloitwa Tuko Pamoja. Mdogo wao wa mwisho aliandika: Pole sana kaka, Mungu akupe nguvu katika kipindi hiki kigumu. Mama hakutajwa.

Kaka alifika Alhamisi saa tano asubuhi, garini, akiendeshwa. Ulikuwa mwaka wa pili hajakanyaga hapo. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, viatu vyake havikuvuka kizingiti.

"Shikamoo, mama. Unaendeleaje?"

"Haya," alisema mama, akakunjua kiganja chake juu ya shuka.

"Anaendelea vizuri," kaka alimwambia Fundi, akarudi sebuleni.

Ilipokaribia saa nane alijibana mikono kwapani na kukaza meno. Haikusaidia. Ilimtoka kimyakimya, kama mtu anavyotoka kwenye kikao kisichomhusu, ikashuka kwenye kiti ikaelekea nyuma. Kaka akabaki kwenye kochi, koti limening'inia mikono mitupu. Alikuwa na kiu, na hakuwa na cha kushikia kikombe. Basi Fundi akaacha kazi, akaketi ubavuni mwake, akampa chai kwa kijiko, akimfuta kidevu kila ilipomwagika. Kutoka chumba cha nyuma waliisikia mikono ikikamua kitambaa.

"Inafanya nini huko?" aliuliza kaka.

"Nenda ukaone. Ni hatua tisa."

"Hapana, nauliza tu. Na hii chai ina moto, ipulize kwanza."

Fundi akaipuliza. Alisikia hasira inampanda kutoka miguuni, akaimeza, kwa kuwa mkubwa hupewa chai kwanza na hasira baadaye.

Saa kumi mikono ilirudi mahali pake. Kaka aliitazama kama mbwa aliyetoroka, akaifunga ngumi.

"Nataka unishonee glovu. Turubai nzito, ziwe na vidole niweze kushika kalamu. Uzishone moja kwa moja kwenye mikono ya shati, hapa hapa nikiwa nimelivaa. Usiweke vifungo. Vifungo inajua kuvifungua."

"Na kuoga?"

"Nina watu wa kuniogesha."

"Na mama?"

"Mama tutamwangalia. Tuko pamoja."

"Saa mbili tu, kaka. Saa ishirini na mbili zote zako."

"Saa mbili zenyewe ndizo za kazi. Kila mtu na majukumu yake, dada yangu. Wewe umejaliwa moyo huu, mimi nimejaliwa mengine. Hutaki, kuna fundi viatu mjini ameshasema atanifungia kwa ngozi na misumari. Nimekuja kwako ili jambo lisitoke nje ya familia."

Fundi alifikiria misumari. Alifikiria ngozi ngumu ikivisugua vifundo vile, na mto ambao mikono ilikuwa imejifunza kuuweka katikati ya magoti bila kukumbushwa. Alishangaa kugundua kwamba aliipenda ile mikono, aliyoikagua kama mwizi mwezi mzima. Akatoka kwenda dukani pembeni kununua turubai na uzi mnene, na hakuchukua hata robo saa.

Aliporudi kaka alikuwa kwenye kochi lilelile, amekunja nne. Fundi alipima, akakata, akashona. Ndani aliweka bitana ya pamba laini, ile anayowawekea watoto wachanga. Alipofika kwenye glovu ya kulia alikishika kiganja cha kaka yake ili akiingize, akaona buluu. Ilikuwa kwenye dole gumba, juu ya kovu, na kwenye vidole viwili vya jirani, imekaa katika ile mistari myembamba ambamo maji hayaifikii haraka.

Mwezi mzima chaki ile ilisubiri. Mikono ilipita mbele yake kila siku, peke yake, bila macho ya mtu, isiiguse. Kikulacho ki nguoni mwako, na Fundi, aliyeishi katikati ya nguo, alikuwa amekitafuta mlangoni.

"Mkono wako una chaki," alisema.

"Rangi ya viti vya gari."

Fundi aliinuka akaenda chumba cha nyuma. Droo ilikuwa imefungwa vizuri na tupu. Dole gumba la mama, lile la upande usiosikia, lilikuwa na wino mweusi. Kopo la chumvi halikuguswa. Kaka alikuja na wino wake. Mama alikuwa amelala ubavu uleule aliowekwa na mikono saa kumi, amefumba macho.

"Uliingia," Fundi alisema aliporudi. "Kumbe chumba hicho unaweza kuingia."

"Hati iko garini. Ni kwa usalama tu, hapa panaingia watu wengi. Na kuna karatasi ndogo ya kuniwezesha kusimamia nyumba, basi. Nilimuuliza mwenyewe kwa adabu. Akasema haya."

"Alikuwa amefungua macho au amefumba?"

"Swali gani hilo?"

Fundi alikishika tena kiganja cha kaka. Sindano ilikuwa tayari ina uzi, kastabini iko kidoleni. Angeweza kuiacha kazi hapo, upande mmoja umefungwa na mwingine wazi. Lakini katika miaka kumi na tisa ya ufundi hakuna kazi ya nusu iliyowahi kutoka mlangoni kwake, na yule wa misumari alikuwa anasubiri mjini. Aliingiza dole gumba lenye kovu kwenye pamba, akaweka sawa, akazungushia mshono mara mbili. Alikuwa analia, na kaka alidhani ni moshi wa jirani. Mshono ulitoka mzuri mno.

"Ahsante sana," alisema kaka, akiikunjua na kuikunja. "Hata hazikwaruzi."

Ijumaa saa nane Fundi aliacha mlango wazi na maji ya moto kwenye beseni. Maji yalipoa. Saa tisa simu ikalia. Kaka aliandika kwenye kundi: Nimepona kabisa, tumshukuru Mungu, ahsante kwa familia yenye upendo. Akaweka kile kipicha cha mikono miwili iliyobanwa pamoja. Mdogo wao akaweka mitano. Mashemeji wakaongeza, mabinamu wakaongeza, mpaka simu ikajaa mikono juu hadi chini, na hakuna hata mmoja uliobisha mlango.

Jumanne alikwenda kwa nesi kuomba arudishwe kwenye orodha.

"Inawezekana," nesi alisema. "Huyo ndugu aje asaini hapa kwamba hasaidii tena. Asaini mwenyewe."

Fundi alimwandikia kaka. Jibu lilikuja upesi: Dada, mimi siwezi kusaini kitu kama hicho. Watu watanionaje? Tuko pamoja.

Dereva mstaafu alimwambia ajaribu tena mwakani, fomu hubadilika. Alisema lile sikio bado linakuja, na kwa kuwa halina kazi mchana, angeweza kumwazima. Fundi alimshukuru, akasema atafikiria.

Alirudi nyumbani, akapaka chaki kwenye kishikio cha droo kama kawaida, ingawa ndani hamkuwa na kitu. Saa nane ilipofika mama aliutazama mlango, akakunjua kiganja chake juu ya shuka na kusubiri. Fundi alinawa, akakausha, akaweka mkono wake mwenyewe mle. Mama akapitisha kidole juu ya dole gumba, akatafuta kovu, akageuza upande wa pili, akatafuta tena. Kisha akauachia polepole, kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

"Haya," alisema, amefumba macho.

Fundi akapitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, akamgeuza upande wa dirisha.